Jino Lililoruka

Jino lililoruka halirudishwi kwa mafuta. Shangazi yenu alipotamka maneno hayo kikaoni asubuhi ya leo, niliwaona vijana mkitazamana, na mmoja wenu akanifuata pembeni kuniuliza kama ni jino la mdomoni. Si la mdomoni. Ni jino la gia, la ndani ya injini. Na methali yenyewe haina umri mkubwa. Walioizaa niliwafahamu kwa sura na kwa sauti. Ilianza hivi.

Barabara ya kupanda mlima Igomelo ilipokuwa ikichongwa, kampuni iliyopewa kazi hiyo ilipiga kambi pale Ilundo, na fundi mkuu wa mitambo katika kambi hiyo alikuwa Ambilikile Mwaipaja. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi, na sifa zake zilikuwa zimevuka mikoa miwili. Watu walisema hana haja ya kufungua injini ili ajue inaumwa nini. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye chuma na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akataja: beringi ya mbele, au valvu ya tatu. Wakifungua wanakuta ndivyo. Hata wahandisi waliosomea ng'ambo walimngoja amalize kusikiliza ndipo nao waseme.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Ambilikile hakumwambia mtu, hata mkewe. Macho yake yalikuwa yanafifia. Cha mbali alikiona vizuri, ila kitu kidogo kilicho karibu kilikuwa kimeanza kumponyoka. Kwa miaka miwili alikuwa akimtaka mtunza stoo amsomee namba za vipuri, eti mikono yake imejaa grisi. Miwani si kitu kigumu kupata. Kwake yeye, hata hivyo, kuvaa miwani ilikuwa sawa na kupiga mbiu kwamba amezeeka, na katika kambi kama ile fundi aliyezeeka husindikizwa kwa heshima hadi getini, na mahali pake hukaa mwingine.

Tingatinga kubwa, lile lililotangulia mbele ya mitambo yote kuukata mlima, liliendeshwa na Lutengano Kajela. Yeye na Ambilikile walitoka tarafa moja, waliajiriwa siku moja, na miaka mitatu ya kwanza walilala chumba kimoja cha mabati. Ipyana, mtoto wa mwisho wa Ambilikile, alipobatizwa, aliyembeba mbele ya mchungaji alikuwa Lutengano. Huko kijijini alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa chai na kulala mapema. Tingatinga lile alilitunza mno. Kabla ya kulipanda alilizunguka na kulipapasa kama mtu akaguaye ng'ombe wake, mpaka wenzake wakamtania kwamba mkewe, Tupokigwe, ana mke mwenza wa chuma.

Mwaka wa nne wa kazi, injini ya tingatinga hilo ilichoka. Ikaamuliwa ifunguliwe yote na kufungwa upya kabla ya masika, na kazi hiyo akapewa Ambilikile.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mbele ya injini ya dizeli kuna gia zinazoumana meno. Moja inatoka kwenye mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, nyingine inaendesha valvu, nyingine inaendesha pampu inayopeleka dizeli. Zote lazima ziende kwa wakati wake, kama wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akichelewa kuinua mchi, michi inagongana. Mpango huo ndio mafundi huuita taimingi. Ili mtu asikosee, gia huchongwa vitone vidogo juu ya meno, na jino lenye kitone kimoja huingizwa katikati ya meno mawili yenye vitone. Likipishana jino moja tu, au kama mafundi wasemavyo, jino likiruka, dizeli inaweza kuingia wakati pistoni imekwisha kugeuka kurudi chini. Injini itawaka, ndiyo, lakini itafanya kazi kama mtu anayekimbia huku ameshikwa nguo.

Siku ya kupanga gia hizo kulikuwa na wingu zito na karakana ilikuwa na giza la mvua. Ambilikile alivipapasa vitone kwa ukucha wa kidole gumba, akahisi alichokihisi, akaamini. Akafunga kava, akakaza bolti zote kwa mkono wake.

Tangu asubuhi ya kwanza Lutengano alijua kuna kitu. Injini iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe unaochoma macho, na moshi ule haukwisha mpaka jua lilipopanda. Kwenye tambarare ilijikongoja. Ilipokabili mlima na kusukuma udongo, iliishiwa pumzi. Alimweleza Ambilikile, na Ambilikile akabadilisha chujio za dizeli. Hali ikabaki ile ile. Akazitoa nozeli zote zinazonyunyiza dizeli, akazipima, akazirudisha. Akalaumu dizeli kwamba ina maji, wakamwaga tangi zima na kujaza jingine. Moshi mweupe ukaendelea.

Siku ya nane Lutengano alimfuata karakanani, akangoja mpaka mafundi wengine walipokwenda kula.

"Baba Ipyana," alisema, "naomba tuangalie taimingi. Tuizungushe injini kwa mkono, pistoni ya kwanza ije juu, tulegeze bomba la pampu tuone dizeli inaanza kupanda wakati gani. Ni kazi ya nusu siku. Kabla haijafunguliwa haikuwa hivi."

"Alama nilizipanga mimi mwenyewe."

"Sijasema hukuzipanga. Nasema tuangalie."

"Wewe kazi yako ni kukaa kwenye kiti na kuvuta mikono ya mtambo," Ambilikile akamjibu. "Injini anaijua aliyeifunga."

Lutengano akaondoka. Walikuwa hawajawahi kusemeshana hivyo. Ambilikile alibaki ameshika spana ambayo hakuwa na kazi nayo. Ukweli ni kwamba fikira ile ile ilikuwa imemjia yeye siku tano kabla. Lakini kuangalia alama kulimaanisha kuinama mbele ya zile gia mchana kweupe, mafundi wote wamezunguka, mmoja ameshika tochi na kumwuliza, Fundi, unaona? Na yeye asione.

Akachagua njia nyingine. Nyuma ya pampu ya dizeli kuna skrubu ya kuongeza mafuta, nayo hufungwa kwa waya na lakiri ya risasi ili asiiguse asiyehusika. Ambilikile aliikata ile lakiri akaizungusha skrubu, mara moja, halafu nusu tena. Tingatinga likanguruma, likapanda mlima, moshi wake sasa ukiwa mweusi tititi. Watu wa kambi wakasema, Fundi ni Fundi tu.

Nguvu ile ilikuwa ya uongo. Dizeli nyingi iliyochelewa haikuungua ndani. Iliungulia njiani, kwenye bomba la moshi, mpaka chuma kikawa chekundu kama jiko la mhunzi. Injini ikaanza kuchemsha. Kila baada ya saa moja Lutengano ilimbidi asimame, aiache ipoe, aongeze maji, ndipo aendelee. Alimweleza Ambilikile, akaambiwa aendeshe kistaarabu. Alimweleza msimamizi wa mitambo, Bwana Kihwele, akajibiwa kwamba kazi imechelewa na masika hayamngoji mtu. Akaendelea kuendesha, akisimama na kupoza, na watu waliokuwa chini, wakimwona amekaa kando ya mtambo kivulini mara tano kwa siku, wakaanza kusema Kajela siku hizi amekuwa mvivu.

Wiki ya tatu, Alhamisi mchana, tingatinga likiwa katikati ya mteremko na shehena ya mawe mbele yake, hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ilipasuka. Maji na mafuta vikachanganyika, injini ikazima, na kazi yote ya Igomelo ikasimama.

Bwana Kihwele hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na mabosi wake waliotaka jina la kuandika kwenye ripoti. Alimwita Ambilikile ofisini peke yake, akafunga mlango.

"Fundi, nataka jibu moja," alisema. "Ni mashine au ni mtu?"

Ambilikile aliinamisha kichwa. Baadaye sana alisimulia kwamba jibu la kweli lilimjia hadi kwenye ulimi, akalionja.

"Injini niliifunga sawa," akasema. "Aliyekuwa juu yake ndiye ajuaye alikuwa katika hali gani."

"Unasema amelewa?"

Ambilikile hakuitika, wala hakukataa. Alitazama dirishani. Bwana Kihwele alingoja, kisha akachukua kalamu, na kimya kile akakiandika kama ushahidi.

Lutengano alifukuzwa Jumamosi, kwa barua iliyosema aliiunguza injini ya kampuni kwa uzembe akiwa amekunywa. Alijitetea, akaomba apelekwe hospitali apimwe, akaambiwa pombe ya Alhamisi haipimwi Jumamosi. Alikunja nguo zake, akapitia karakanani. Ambilikile alikuwa akipanga spana, hakugeuka.

"Sikuja kugombana," Lutengano alimwambia mgongoni. "Ukilifungua, tafadhali angalia alama." Akaenda zake.

Wiki iliyofuata hedi mpya ililetwa. Ambilikile aliwatuma mafundi wote mlimani kurekebisha greda, akabaki peke yake na tingatinga. Alimwomba mtunza stoo miwani yake, akisema kuna kitu kimemwingia jichoni. Akafungua kava ya mbele, akazungusha mhimili mpaka vitone vikaja juu, akavaa miwani ya watu, akainama.

Kitone cha gia ya pampu hakikuwa katikati ya vitone viwili. Kilikuwa pembeni, kimechelewa kwa jino moja.

Alikaa chini kwenye sakafu yenye mafuta. Ofisi ya Bwana Kihwele ilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Baada ya muda aliinuka, akazitembea hatua hizo zote, akasimama mlangoni. Bwana Kihwele aliinua uso kutoka kwenye makaratasi.

"Kuna nini, Fundi?"

"Gasketi," Ambilikile akasema. "Naomba iagizwe gasketi ya akiba."

Akarudi karakanani, akalirudisha jino mahali pake, akaipunguza ile skrubu ya mafuta, akafunga. Tingatinga lilipowashwa liliitika mara moja, halina moshi mweupe wala mweusi, na opereta mgeni akalipandisha mlima kama anapeleka baiskeli. Bwana Kihwele aliwaambia watu waliokusanyika kutazama kwamba, mnaona, mashine haikuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa umekaa kwenye kiti. Watu walicheka. Ambilikile alicheka pamoja nao.

Habari mbaya haihitaji barabara. Kabla Lutengano hajamaliza mwezi nyumbani, kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba mzee wa kanisa alifukuzwa kazi kwa ulevi. Baraza la wazee likamwita. Alikana, wakamwonyesha barua yenye muhuri. Wakamvua uzee wa kanisa, wakamweka chini ya marudi, akakaa kiti cha nyuma na kunyimwa meza ya Bwana. Alipozunguka kuomba kazi kwenye barabara nyingine, waliuliza barua ya mwajiri wa zamani, na barua aliyokuwa nayo ni ile ile. Mwishowe yeye na Tupokigwe wakaanza kuponda kokoto kando ya barabara ya Igomelo, barabara aliyoikata mwenyewe, wakiziuza kwa wajenzi waliopita.

Barabara iliisha. Kampuni ilivunja kambi, ikabeba mitambo yake na kwenda nchi nyingine. Ambilikile alirudi kwao na cheti cha sifa. Alinunua miwani siku ya kwanza aliyofika mjini, kwa maana sasa hakukuwa na mtu wa kumficha. Mkewe alimwuliza mara nyingi kwa nini haendi kumsalimu baba wa ubatizo wa Ipyana, naye akatoa udhuru: mguu, mvua, shamba. Mama yake Lutengano alipofariki, mkewe alikwenda msibani peke yake.

Miaka miwili baada ya msiba huo Ambilikile alishindwa kuendelea kuubeba mzigo ule. Akanunua kilo tano za sukari, kitenge cha Tupokigwe, na dumu la lita kumi la mafuta ya kupikia, akapanda gari hadi Igomelo.

Aliwakuta kwenye rundo lao la mawe pamoja na wanawake wengine wanne, kila mmoja na nyundo yake. Lutengano alikuwa amekonda na kuota mvi, mikono imepasuka. Hakusimama. Tupokigwe alimwitikia mgeni salamu, akampisha jiwe la kukalia, akarudi kwenye kazi yake. Ambilikile aliweka vitu chini, akaanza kusema. Alisema yote: macho, vitone, skrubu, yale aliyoyasema kwa Bwana Kihwele na yale aliyoyanyamazia, miwani ya kuazima, zile hatua hamsini. Alisema huku nyundo zikigonga, na moja baada ya nyingine nyundo zile zikanyamaza, mpaka ikabaki ya Lutengano tu. Kisha nayo ikasimama.

"Lilipishana meno mangapi?" Lutengano akauliza.

"Moja."

"Lilitangulia au lilichelewa?"

"Lilichelewa."

Lutengano alitikisa kichwa polepole. "Nilijua limechelewa. Ule moshi mweupe."

Ambilikile akaahidi kuiandikia kampuni barua, aeleze kila kitu, jina la Lutengano lisafishwe. Lutengano akamwuliza kampuni iko wapi, na Ambilikile hakujua. Akamwuliza Bwana Kihwele yuko wapi, nalo hilo hakulijua.

"Mama yangu," Lutengano akasema, "alikufa akiniombea niache pombe. Pombe ambayo sijawahi kuionja. Kila jioni nilimsikia chumbani kwake akinitaja jina. Nilimwambia, Mama, sinywi. Akanijibu, najua, mwanangu, shetani ndiye anayekunywesha. Ndivyo alivyokwenda."

Ambilikile alianza kulia. Akalisogeza lile dumu mbele, na sukari, na kitenge, akasema anajua si kitu, lakini wapokee, wamsamehe, ni yeye ndugu yao.

Lutengano alilitazama dumu lile muda mrefu.

"Baba Ipyana, hata kule mlimani ulifanya hivi hivi. Jino lilikuwa limeruka, wewe ukaongeza mafuta. Leo tena umekuja na mafuta." Alilisukuma dumu kwa mpini wa nyundo, taratibu, likarudi miguuni pa mwenyewe. "Jino lililoruka halirudishwi kwa mafuta. Beba vitu vyako."

"Nifanye nini basi?"

"Wewe ndiye fundi. Fungua kava."

Jumapili ile Ambilikile alisimama kanisani kwa kina Lutengano, mbele ya usharika mzima, akaomba ruhusa ya mchungaji, akayasema tena yale aliyoyasema kwenye kokoto, na safari hii hakulia. Hakupunguza neno. Wazee wale wale waliokuwa wameonyesha barua yenye muhuri walitazama viatu vyao, na mmoja wao akasimama kupendekeza kwamba ndugu Kajela arudishiwe kiti chake siku hiyo hiyo. Watu wakageuka kumtafuta kwenye kiti cha nyuma. Hakuwepo. Alikuwa ametoka maneno yalipoisha, na waliochungulia mlangoni walimwona makaburini, amesimama kofia mkononi mbele ya kaburi la mama yake. Hakuna aliyeweza kusikia anachokisema, kama alikuwa akisema kitu.

Kiti cha uzee hakukichukua. Alirudi kushiriki meza ya Bwana kama waumini wengine, na kokoto akaziponda mpaka mwisho wake. Alipokutana na Ambilikile msibani au sokoni alimpa mkono, akamjulia hali Ipyana, na hapo mazungumzo yakakoma. Ambilikile aliishi miaka tisa zaidi akingoja neno zaidi ya hayo, na halikuja.

Wale wanawake wanne wa kwenye mawe ndio waliolichukua neno lile na kulipeleka visimani na sokoni, likaenda mbali kuliko barabara yenyewe. Husemwa kwa mtu anayeongeza nguvu pale panapotaka kunyooshwa, na kwa mtu anayeleta zawadi pale panapotaka ukweli. Leo asubuhi mjomba wenu alileta mbuzi wawili kikaoni ili yaishe, lakini kusema alichomfanyia ndugu yake hakutaka. Shangazi yenu hakumtukana, wala hakuwakataa mbuzi kwa sababu ni wadogo. Alimwambia tu kwamba jino lililoruka halirudishwi kwa mafuta.